Mstari wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Tulikuwa watano na darubini tatu,
moja yake jicho moja tu ndilo zima.
Ajuang' alitupokea nje ya posho mill, Asembo,
gambuti miguuni, kofia ya chama kilichokufa zamani,
akatusomea sheria yake, nayo ni moja:
"Ukiona ndege usinyooshe kidole.
Onyesha kwa kidevu.
Kidole humfanya ajione mshtakiwa."

Agosti. Baridi ya alfajiri ziwani ni ya uongo,
huisha kabla hujafunga zipu.
Tukashika ufuko wa kaskazini wa ghuba,
pale vilima vya Seme viliposhuka kunywa maji
vikashindwa kurudi.
Majabali yamebebana mgongoni
na juu ya kila jabali, chokaa ya mnandi.
"Wamepaka rangi bila tenda," alisema Mwalimu Lumadede,
akacheka peke yake.
Amestaafu mwaka huu. Bado hajazoea
kucheka bila darasa.

Mimi nilibeba daftari la kaka yangu.
Lanuka mafuta ya taa na dawa ya kifua.
Alikuwa karani wa reli, Nakuru;
Jumapili wenzake wakiimba, yeye alihesabu heroe
hadi macho yakamwona waridi kila kitu,
hata ugali.
Ndege mia mbili na kumi na mmoja, kila mmoja na siku yake.
Kisha mstari mmoja wenye jina tupu:
*tiva wa mafunjo.*
Tarehe hakuna.

"Kifua chekundu," akasema Ajuang',
"kama mtu aliyemwagikiwa mchuzi akaona fahari.
Hakai mtini. Hakai nyasini.
Ni kwenye mafunjo, ama hayupo."

Tukawaona wengine.
Mdiria akining'inia hewani juu ya maji
kama apapasaye mfukoni kutafuta ufunguo.
Mwewe, "kwetu otenga," akapita na kifaranga cha mtu.
Kiota cha fundichuma, jumba zima kwenye panda la mti:
kandambili ya mguu wa kushoto, utepe wa chandarua,
na nusu ya uso wa mgombea, bado anatabasamu.
Juu ya mwamba, kitwitwi mmoja akitingisha mkia.
Huyo ametoka kaskazini ya mbali,
kiangazi cha huko kimemwishia mapema,
amefika kabla hatujamtandikia.

Kisha mwamba ukakoma, tukafika penye mafunjo.

Yalichomwa Februari.
Matuta ya nduma, mistari imenyooka,
na mama mmoja akipalilia, maji vifundoni.
Alitusalimu vizuri.
Akatutazama na vioo vyetu shingoni, akauliza
tumepoteza nini.

Hakuna aliyemjibu.
"Ni wifi yangu," Ajuang' akanong'ona baadaye.
"Anasomesha wanne."
Hakuongeza neno, nami sikumwomba.

Palibaki kipande, upana wa benchi la kanisa.
Tulichuchumaa. Mbu walitusajili.
Saa moja na dakika arobaini
sauti ikaruka toka ndani, kavu, kama mjeledi wa mchezo,
na nyingine ikaidaka
kabla haijamalizika:
wawili, lakini ungeapa ni koo moja.

Ajuang' akainua kidevu.
Nilitazama nikiwa nimechelewa.
Funjo moja lilikuwa likitikisika,
na upepo haukuwapo. Au ulikuwapo kidogo.

"Sikio nalo ni shahidi," akasema,
"ila usiandike kwa ajili yangu."

Mwalimu aliuliza kama chai hupatikana huku.
Mama wa nduma akasema ipo, ila haina maziwa.

Nikafungua daftari juu ya goti.
Kaka aliandika kwa wino.
Mimi tarehe nimeiandika kwa penseli,
ili atakayesoma
ajue tulikuwa wawili.