Upande Upi?

"Ukuta wako unatazama wapi?" aliniuliza Aurèle,
muuza miche sokoni Ghent, kucha zake nyeusi kwa udongo.
Nikamjibu: unatazama jikoni kwangu.
Hakucheka.
"Upande upi, Bibi Godelieve? Jua linaupata saa ngapi?"

Miaka thelathini na minane naosha vyombo nikiutazama,
matofali mekundu, chokaa ikipukutika,
na sikuwahi kuona kwamba jua haliugusi
ila jioni za kiangazi,
muda wa kuchemsha yai.

"Kaskazini, basi. Waridi lisahau, litakuwa kimbaumbau.
Mzabibu utakupa majani na kinyongo.
Ule mtambaazi wa makaburini una kucha,
siku ukiung'oa utaondoka na ukuta.
Na wenye vishada vya zambarau
uling'oa mfereji wa paa la shemeji yangu, bado analipa.
Chukua haidranja, ile ipandayo.
Haitaki waya wala kamba.
Ila ina maringo: mwaka wa kwanza hulala,
wa pili hujikokota,
wa tatu..."
Akaziona mvi zangu, akanyamaza.

Nina sabini na tisa, nikasema. Malizia.

"Wa tatu huruka."

Nikachimba shibiri mbili mbali na msingi,
kwani chini ya ukuta hubaki pakavu hata mvua ikipiga,
nikauegemeza mche kwa kijiti,
kama mtoto anayeoneshwa mlango wa shule.
Nikauambia: mimi nimeshapanda,
sasa kupanda ni kazi yako.

Mwaka wa kwanza ulilala. Nami nililala, hospitali, nyonga.
Wa pili tulijikokota wote,
mimi na mkongojo, wenyewe na tofali la sita.
Wa tatu uliruka kweli, ukashika ukingo wa juu.
Wa nne, mwezi wa sita, nikatoka na kahawa:
majani, majani, majani.
Ua, hata la dawa.
Nikautukana matusi ya baba yangu,
aliyepakua makaa bandarini.

Kengele ya mlango.
Bwana Dhaenens, wa nyuma ya ukuta,
tusiyesemeshana tangu kesi ya njiwa zake,
ameshika chupa ya jemu iliyojaa maua meupe.
"Yamemwagika kwangu," akasema, akitazama viatu vyake.
"Kwangu ndiko kwenye jua. Nikate, au niache?"

Acha, nikamwambia.
Ngoja nichukue mkongojo, nije kuyaona.