Waliochoka

Kutoka Ngora hadi Kotido ni siku nzima ya vumbi,
na boksi la barafu magotini
kama mtoto aliyekataa kulala.
Dereva ananikumbusha: chanjo ikipata joto,
umewadunga ng'ombe maji.

Tukipita Iriri miti inaanza kufupika,
inajikunyata, inatoa miiba.
Kisha hata miiba inabaki nyuma
na ardhi inalala chali, imevua kila kitu.
Mlima Toror peke yake ndio umesimama,
mbali, haukaribii hata ukiufuata.

Shuleni tulifundishwa: zamani tulitembea pamoja,
watu wa ulimi mmoja, nyuma ya mikia ya ng'ombe.
Vijana wakazidi kuelekea magharibi,
kwenye mvua na viazi.
Wazee wakaketi hapa, wakasema hatwendi tena.
Jina likawaganda: wazee waliochoka.
Tulicheka, darasa zima.

Leo nawaona hao waliochoka.
Lokwang ana miaka kumi na mitano.
Amelala saa mbili, amekesha nne langoni pa boma,
na kabla ya jua ameshafika kwenye mto
ambao ni mchanga tu, una jina la mto.
Anachimba hadi kichwa chake kinazama.
Maji yanapanda kata kwa kata:
ng'ombe kwanza, kisha mbuzi, kisha punda,
kisha yeye, kama yamebaki.

"Akipi," nasema kwetu, nikiomba maji.
"Ngakipi," bibi yake, Napeyok, ananisahihisha.
"Mlipoondoka mliangusha kipande cha neno njiani.
Sisi tulikiokota."

Baba alikuwa na ng'ombe arobaini na wanne.
Mwaka sitautaja.
Walikuja usiku, kutoka huku nilikosimama,
na asubuhi zizi lilikuwa na kamba
na samadi ambayo bado inafuka.
Aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo,
mkononi jembe, mgongo upinde,
akiwaita usingizini mmoja mmoja.
Majina yale nayajua
kama wengine wanavyojua sala.

Sasa wanapita kwenye uchochoro wa miiba.
Nashika ngozi ya shingo, naivuta, nadunga.
Ngozi, sindano. Ngozi, sindano.
Fomu inadai jumla.
Lokwang hahesabu;
ng'ombe aliyehesabiwa, anasema, ameonyeshwa kwa fisi.
Anataja rangi tu: wa majivu, wa paji jeupe,
wa mgongo wa twiga.
Naandika rangi. Mkuu wangu Soroti atanuna.

Halafu akaja mtamba wa madoa,
pembe ya kushoto imeinama
kama sikio linalosikiliza ukutani.
Mkono wangu ukakataa.
Ng'ombe haishi miaka thelathini. Najua, nimesomea.
Lakini pembe hurithiwa,
mama kwa mwana, mama kwa mwana,
haziulizi zizi ni la nani.

"Huyo ni wa bibi," akasema Lokwang. "Taratibu."
Ningeweza kumruka. Nani angejua?
Ugonjwa ungepita, ungechukua wake.
Nikamshika shingo. Ilikuwa na joto.
Nikadunga taratibu.

Jioni Napeyok alinipa maziwa ya kibuyu,
yenye moshi uleule wa kibuyu cha mama.
Hakuniuliza mimi ni binti wa nani.
Alinitazama miguu iliyovimba,
akanisogezea kigoda cha mumewe marehemu.
"Keti," alisema. "Hata ninyi mna ruhusa ya kuchoka."

Nikaketi.
Barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji;
nikayamwaga kwenye karai.
Mtamba wa madoa akaja, akagusa kwa mdomo,
akaruka nyuma.
Hajawahi kunywa kitu baridi namna ile.
Kisha akarudi.