Simu ya Mwezi wa Thelathini na Sita

Kazi yangu ni kuuliza watu kama bado wako hai.
Siulizi hivyo. Nauliza,
"Jana usiku umelalia mito mingapi?"
Mmoja: moyo unajikokota, lakini unafika.
Mitatu: maji yamepanda mapafuni.
Asiyepokea simu namwachia siku mbili,
kisha namtafuta kwa bintiye, kwa muuza dawa,
na mwisho kabisa kwa karani wa parokia.

Hapa Salto, msimu wa machungwa
harufu inaingia ofisini hata dirisha likifungwa.
Nina watu mia mbili na sita, na kwenye karatasi hawana majina.
Bwana Aparicio Bentancor,
aliyekata manyoya ya kondoo miaka arobaini,
ni 0417.
Nusu yao wanameza dawa mpya, nusu wanameza unga ulioshindiliwa,
rangi ile ile, mfuo ule ule katikati,
na hakuna ajuaye: si yeye, si daktari, si mimi.

Kila alfajiri anajipima bandani, kwenye mizani ya sufu.
"Themanini na tatu na nusu, binti. Bila buti, themanini na mbili."
"Basi vua buti."
"Kuna baridi."
Naandika 82.
"Na maji?"
"Lita moja na nusu, kama mlivyoamuru.
Kwani chai ya kibuyuni nayo ni maji?"
"Ni maji, Bwana Aparicio."
Kimya. Kisha kwa mbali:
"Nibia! Huyu anasema chai nayo ni maji!"

Mwezi wa ishirini na mbili alikohoa kikohozi cha mtu mwenye neno.
Wilmar, jirani yake wa ng'ambo ya uzio,
miguu ilimvimba, viatu vikamkataa.
Basi wanagawana. Leo yeye, kesho Wilmar.
"Kama ni unga, nimempa unga.
Kama ni uhai, nimempa nusu."

Fomu ina nafasi ya ukiukaji wa utaratibu, mistari minne.
Niliandika mmoja.
Kalamu ilibaki hewani juu ya ile mitatu.

Matokeo yalitoka mwezi Juni.
Katika kila mia waliopewa dawa,
wanne zaidi walifika mwaka wa tatu.
Profesa wetu kule Montevideo alipiga meza kwa furaha,
na ni haki yake, wanne si haba.
Mimi nilifungua daftari kuwatafuta hao wanne.
Hawapo. Yaani wapo,
ila hakuna anayejua kuwa ni yeye.
Anaamka, anapapasa miwani,
anamgombeza mbwa.

Siku hiyo hiyo tulifunguliwa siri ya namba.
0417: unga.

Nilimpigia mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno,
maana ugonjwa huu tunauita moyo kushindwa
na nilichelea nisije nikamfisha moyo.
Akacheka mpaka akaomba kiti.
"Miaka mitatu nala chapati kavu!"
Nibia akachukua simu.
"Sasa kilichomweka huyu ni nini?"
Sikuwa na kisanduku cha swali hilo.
Nikasema huenda ni chumvi aliyoacha, huenda ni mizani.
"Huenda ni mimi," akasema, akarudisha simu.

Bwana Aparicio alishusha sauti.
"Usimwambie Wilmar. Anaapa miguu yake ilipona."
"Ilipona?"
"Anasema."
"Wewe umeiona?"
Nilisikia upepo, na ng'ombe, na mzee akifikiri.
"Amerudi kuvaa ndara," akasema.
"Kipupwe hiki, binti. Ndara."

Wilmar hayumo kwenye utafiti. Hana namba.
Nikasema: Alhamisi, saa mbili asubuhi. Mwambie alete miguu yake,
na asile chochote chenye chumvi,
na dawa ya sasa tunaijua ni ipi.

Alhamisi walikuja wawili kwenye gari la maziwa,
na gunia la machungwa ninayokatazwa kuyapokea.
Wilmar alipanda mizani na kofia kichwani.
Nikambonyeza juu ya kifundo.
Kidole kilizama, nikakitoa,
na shimo likabaki pale, dogo, la duara,
likajaa polepole, sote watatu tukilitazama.
"Vua kofia," Bwana Aparicio akamwambia.
"Hawa wanapenda kweli."