Kandambili ya Kushoto

Saa kumi na robo, adhana bado,
Mburahati giza la kupapasa,
nimeitanguliza kandambili yangu ya kushoto
nyuma ya ndoo ya Bi Sikuzani,
mbele ya tofali lililofungwa kitambaa chekundu
ambalo, naambiwa, ni mjamzito wa miezi minane.

Ndiyo foleni ya zahanati yetu.
Watu tumejiegemeza ukutani,
vitu vimesimama kwa niaba yetu:
dumu la mafuta, kofia, kipande cha boksi
kilichoandikwa kwa mkaa BABA PILI, KIFUA,
na mbele kabisa, mlangoni,
ufagio wa chelewa.
Chelewa, lakini umetuwahi wote.
Mwenyewe hajulikani,
na hakuna mwenye ubavu wa kuuruka.

Simu nimepiga, msinione mshamba.
Namba imebandikwa getini,
mvua imekula tarakimu ya mwisho,
nikajaribu sifuri mpaka tisa.
Sita ni fundi friji wa Kigogo, mtu mstaarabu,
akaniambia na yeye anawatafuta.
Nane ndiyo yenyewe:
inaita, inaita,
kisha inakatwa, kama ya mtu unayemdai.

Jumatatu mtandao haukuwepo.
Ulipokuja, kadi ya bima haikusoma.
Iliposoma, ikasoma kwamba mimi ni mwanaume,
nina miaka sita,
nimeng'olewa jino Singida.
Jana daktari alikwenda semina.
"Semina ya nini?"
"Ya huduma kwa mteja," kasema Sista Yustina,
wala hakucheka, nami sikucheka,
mguu ndio uliocheka, ukanipwita hadi nyonga.

Wa kushoto. Huo huo wenye kandambili.
Ndio unaokanyaga cherehani,
ndio unaokanyaga kodi ya chumba.
Nyumbani sare za shule zimelala mezani
hazina mikono,
na shule zinafungua Jumatatu.

Saa kumi na mbili mlinzi katoka,
mgeni, juzi tu kaletwa na kampuni,
na vipande ishirini vya karatasi ngumu.
"Ishirini tu! Daktari ni mmoja, naye ana roho."
Akapita akiweka namba juu ya vitu,
hakuuliza hiki cha nani,
moja kaichomeka kwenye ufagio,
mbili kwenye kofia,
akaenda, akaenda,
ishirini ikatua kwenye ndoo ya Bi Sikuzani.
Kandambili yangu akairuka
kama mtu anavyoruka dimbwi.

Saa moja akaja Tabu, mfagiaji.
"Nani kaugusa ufagio wangu?
Nauacha hapa kila jioni."

Mlinzi akatazama viatu vyake.
Sisi tukahesabu upya, kila mtu kimoyomoyo,
na macho yote yakanijia:
ufagio ukitoka, ndoo inasogea,
ishirini ni yangu, halali kabisa.
Nikafungua mdomo.

Tabu alikuwa ameishika karatasi
kwa ncha za vidole, kama noti asiyoiamini.
"Moja," akasoma.
"Mwaka wa tatu natoa vumbi mlango huu.
Kifua hiki hakijapimwa hata siku moja."
Akakohoa. Kikohozi kirefu, kikavu,
kikohozi cha nyayo zetu sote.

Nikaufunga mdomo.

Sasa saa mbili na nusu, Tabu yumo ndani.
Mimi nafagia uwanja,
nachechemea, nafagia, napumzika,
maana mtu hawezi kukaa tu
kwenye uchafu wa saa kumi za usiku.
Bi Sikuzani amenishikia mkoba.
Amesema nina wazimu, kisha akanimegea kitumbua.

Mama mmoja anaingia getini mbio,
mtoto begani, jasho linamtiririka.
Ananiona na ufagio, anadhani ni wa humu.
"Dada, eti hapa miadi mtu anaipataje?"

Nimemwonyesha kwa kidevu
kile nilichokishika mkononi.
Hakuelewa.
Nikamsogezea kandambili,
aiweke mbele ya tofali, kwa ajili ya kesho.