Madirisha Kumi na Mbili

Muuguzi mkuu alitaka mapazia ya kijani, bei ya jumla,
nikaenda na futi kamba shingoni
kupima madirisha ya wodi ya akili.
Kumi na mbili. Niliyajua kabla sijayahesabu.

Mwaka ule wa mvua nyingi nililala kitanda cha tisa.
Raundi ilikuja na wanafunzi sita,
daktari akasoma faili langu kwa sauti ya kuhubiri:
"Bado unasikia watu wakikuita?"
Vitanda vyote vikanyamaza ili visikie jibu.
Nje, kwenye kioo kitupu, wauza ndizi walisimama
kama wanaotazama televisheni ya dukani.
Kufika Jumapili, kwaya ilikwishajua.
Wenzangu wa sauti ya pili wakasogea,
mmoja kushoto, mmoja kulia,
nikabaki na nafasi ya watu watatu.

Basi nikapima. Upana, urefu,
nikaandika kwenye kiganja.
Chini ya dirisha la saba, mtu akageuka.
Aikande.
Aikande wa kwa Ndetaramo, tunayechota naye bomba moja Kiborloni,
aliyetuaga kwamba anakwenda Babati kumuuguza shangazi.
Sikumwambia pole.
Nilisema, "Samahani mama, napima tu,"
kama nimwambiavyo mtu nisiyemjua,
naye akafumba macho polepole,
kama aliyerudishiwa chenji yake yote.

Jioni, gengeni, wakimenya ndizi za mtori:
"Fundi, huko wodini umemwona nani?"
"Nimeona madirisha."
"Na ndani?"
"Kumi na mbili," nikasema, "na moja halifungiki."
Wakatazamana. Wakajua bado sijapona vizuri.
Acha wajue hivyo.

Mlima wetu hujifunika hadi saa nne,
pengine wiki nzima,
na sijasikia mtu akiuliza unaumwa nini.

Usiku nimekata. Kitambaa kizito, si kile cha bei ya jumla;
hasara ni yangu.
Kila pazia nimeliongeza inchi sita za pindo,
liguse sakafu, lisiache hata upenyo wa kiatu.
La saba nimelishona mara mbili.
Cherehani imepiga kelele mpaka jogoo
na haikusema kitu.

Aikande akirudi, pale bombani,
nitamtua ndoo, nimuulize habari za Babati,
shangazi anaendeleaje,
na kama mahindi yamestawi.