Marejeo

Januari, Tartu, ghorofa ya tatu ya maktaba.
Saa kumi na robo jua limeshaaga,
nami nina makala mia sita na kumi na mbili
zilizotapakaa ndani ya kompyuta kama soksi zisizo na wenzake:
"mwisho kabisa", "mwisho kabisa 2",
na moja inayoitwa tu "soma hii!"
ambayo sijaisoma.

Lazima nichague chombo cha kuyatunza.
Kile kilicholipiwa na chuo kinang'aa,
kina vitufe, kinanisalimu kwa jina.
Nikauliza, na nikishahitimu?
Urve, mkutubi, akashusha miwani:
"Miezi sita. Baada ya hapo ni mfuko wako."
Nguo ya kuazima, basi. Nikaivua.

Cha bure kikameza kila kitu usiku mmoja,
asubuhi kikatapika mapacha:
kila mwandishi wawili wawili,
kama wanaongoja safina.

Kaupo wa fizikia hataki kusikia habari za vitufe.
Huandika marejeo yake kwa vidole vyake,
mabano yaliyopinda, alama za asilimia,
kwenye skrini nyeusi kama kisima.
Koma moja ikikosekana, tasnifu nzima inagoma.
"Huu ndio uhuru," ananiambia,
na tangu Jumatatu anaitafuta koma.

Mimi nilikuwa na mtihani wangu,
ingizo moja tu, nililolipitisha kote:
Õispuu, Hilja. 1938.
Ripoti ya kupima kina cha kinamasi.
Nakala ya kaboni, haina mchapishaji, haina nambari,
ukurasa wa saba umeliwa na panya.
Huyu ndiye aliyehesabu chavua ya misonobari
punje kwa punje, kwa jicho moja na taa ya mafuta.
Tasnifu yangu yote imekaa juu ya jedwali lake.
Wapo wawili waliolitumia kabla yangu
wakasahau kumtaja,
wakapata uprofesa.

Na Õ, kwetu, si O iliyovaa kofia.
Ni herufi yenye kiti chake
karibu na mwisho wa foleni, nyuma ya V.
Itamke kama mtu aliyetaka kusema O
midomo ikakataa kuviringana.

Chombo cha chuo kikampanga Hilja kati ya Nurk na Paju,
mgeni kwenye mlango wa watu.
Cha bure kikamfuta herufi ya kwanza,
pakabaki kisanduku kitupu, na "ispuu".
Skrini ya Kaupo ilimwandika sawasawa,
baada ya kubembelezwa mistari kumi na minne,
kisha ikanionya: *mchapishaji hayupo,
mchapishaji hayupo,*
kana kwamba sijui.

Urve alikuwa akinitazama muda wote.
Akaniongoza chini, kwenye droo za zamani
ambazo hakuna aliyepata moyo wa kuzitupa.
Akavuta ya mwisho. Baada ya Võsu, kadi ya manjano,
Õispuu H., na kwa penseli, mwandiko wa nani sijui:
*Nakala nyingine ipo kwa dada yake. Abishe kwa nguvu, hasikii.*

Chombo gani kina nafasi ya kuandika hilo?

Nilirudi juu, nikapekua cha bure,
menyu ndani ya menyu, mpaka ya nne,
nikakuta pa kuchagua lugha, nikachagua yetu.
Orodha ikayumba. Õ akainuka kutoka kwenye kile kisanduku,
akapita watu wote, akaketi mahali pake.
Chini yake palikuwa na uwanja mtupu, "maelezo".
Nikanakili: *hasikii.*

Dawa ya deni ni kulipa,
lakini kwanza lazima ujue mlango wa kubisha.

Mapacha bado ninao, jozi mia tatu na sita.
Nitawatenganisha kesho.
Kaupo amepata koma yake.
Ilikuwa nukta.