Siku Isiyo na Mkate

Tanuri limepasuka, tajiri katupa siku moja.
Kreti zimelala ukutani midomo juu
kama vifaranga vilivyosahauliwa.
Nikaitoa baiskeli bila mzigo
nayo ikayumba, ikaniuliza kwa usukani:
iko wapi mikate themanini na sita
inayotutia adabu kila alfajiri?

Yumba tu, nikaiambia.

Indimuli alikuwa keshafika Dagoretti Kona,
yeye wa maziwa, mitungi kamwachia mkewe,
kavaa shati alilovaa harusini kwa shemeji
na soksi mbili zisizojuana.
Hatukusalimiana sana. Sisi watu wa alfajiri
tunajuana kwa kengele:
yangu hulia kriing, yake imekatika ulimi,
husema tk, tk, kama shangazi anayesikitika.

Tukaipanda barabara ya Ngong' polepole,
polepole ya kukusudia, siyo ya kuchoka.
Lakini miguu haijui likizo,
kila kioski ilitaka kusimama.
Kwa Mama Nyaboke nilishuka kabisa,
nikapeleka mkono nyuma ya tandiko,
nikashika hewa.
Alicheka hadi akakalia gunia la viazi.
Akanipa ndizi mbili. "Nenda ukapotee," akasema,
"nchi haitakufa njaa leo."

Basi tukapotea.
Karen, nyua za kayaba zimenyolewa kama maaskari,
mbwa nyuma ya lango akabweka mara moja tu,
kibwekeo cha mshahara wa mwezi.
Halafu lami ikaisha bila kuaga.
Udongo mwekundu. Njia ya ng'ombe. Na leleshwa,
leleshwa hadi macho yanapochoka,
upepo ukiigeuza majani tumbo juu
mteremko mzima ukawa mweupe,
ukarudi kijani, ukawa mweupe tena,
na harufu ile ya kafuri ikanikumbusha
sanduku la mama, blanketi la wageni.

Hapo mwiba ukatupata.
Nilikuwa na gundi, kiraka, na msasa,
sikuwa na maji ya kuoneshea tundu.
Mvulana wa mbuzi, Lemayian, alikuwa na lita tatu
na mbuzi kumi na tisa.
Akatazama maji, akawatazama mbuzi.
Kisha akautwaa mpira mikononi
akaupitisha taratibu chini ya mdomo wake,
inchi kwa inchi, macho kafumba,
mpaka pumzi ya baiskeli ikamgusa.
"Hapa."
Miaka kumi na moja naziba matairi
na sikujua kwamba mdomo unaona.

Juu kileleni tukala mayai kwa chumvi ya karatasini.
Mji ulikuwa kule, mdogo,
kitana kilichong'oka meno.
Indimuli akaniuliza, bila kunitazama:
"Ukiwa huna mzigo, unafikiria nini?"
Nikatafuta jibu la maana, jibu la mtu aliye mlimani.
Nikakuta mkate.
Tulicheka mpaka yai likampalia.

Kurudi ni kuteremka.
Miguu ikatulia juu ya pedali, haina kazi,
nyuma gurudumu likihesabu peke yake
tiki tiki tiki tiki, hesabu ya mtu asiyedaiwa.
Shati la harusi likajaa upepo mbele yangu,
Indimuli akawa mnene kama waziri.
Sikukanyaga hata mara moja
mpaka pale soko la mitumba linapoanza.

Jioni Nyaboke alikuwa anafunga.
Nikanunua mkate mmoja. Ndio, nikanunua.
Akaupapasa: "Huu ni wa jana."
Nilijua. Niliuleta mwenyewe,
kona moja imebonyea pale kamba hupita.
Nikauning'iniza kwenye usukani,
upande wa kushoto,
na baiskeli ikanyooka.